Tofali la kwanza lilichukua miezi 9

Bandugu tuliomaliza masomo, na ninyi mungali chuoni,

Kila tunapoongea habari ya kuanzisha kazi, hakosi mmoja wetu wa kusema: "Shida yetu ni mashini tu. Tukipata mashini, tunaanza." Leo nataka tupime neno hilo kwa historia. Tuchukue kitu kidogo ambacho kila mutu anakijua: tofali.

Tofali la kwetu ku Pepa linatoka kwa mikono. Udongo, maji, kisanduku cha mbao, jua, halafu tanuru na kuni nyingi. Kuni hizo zinatoka kwenye misitu ya Marungu, na misitu hiyo inazidi kupungua. Simenti nayo? Kiwanda kiko Kabimba, kando ya ziwa, lakini mpaka mufuko ufike huku mlimani, bei imeshapanda mlima pamoja nao.

Shida hiyo haiko yetu peke yetu. Miaka ya 1950, kule Bogotá, Colombia, mhandisi mmoja wa kutoka Chile, Raúl Ramírez, alitengeneza mashini ya chuma ya kushindilia udongo uliochanganywa na simenti kidogo. Iliitwa CINVA-Ram. Haikuhitaji moto wala umeme: unavuta mkono wa chuma, tofali linatoka. Ilienea nchi nyingi, Afrika pia. Lakini ilikuwa na sharti moja: udongo upimwe kwanza. Ukiwa na mfinyanzi mwingi, tofali linapasuka likikauka. Ukiwa na mchanga mwingi, linamomonyoka. Mashini haiponyi udongo mbaya.

Sasa tuje karibu, Nairobi. Mwaka 2017 Kenya ilikataza mifuko ya plastiki. Mwaka huohuo dada mmoja, Nzambi Matee, aliacha kazi yake, akaanza majaribio nyuma ya nyumba ya mama yake. Alitaka kuchanganya takataka za plastiki na mchanga ili apate matofali ya kutandaza njiani na uani. Majirani walilalamika kwa sababu ya kelele. Akawaomba wamvumilie mwaka mmoja. Tofali la kwanza lilichukua miezi 9.

Miezi 9 yote ya nini? Ya kutafuta kipimo: plastiki gani, mchanga kiasi gani. Chupa za maji hazikumfaa. Zilizofaa ni kama chupa za maziwa, mifuko laini, ndoo na kamba. Baadaye alipata nafasi ya mafunzo Marekani. Aliweka matofali yake ndani ya sanduku la safari, akaenda kupima tena kipimo kilekile katika maabara ya chuo kikuu cha Colorado, Boulder. Mashini zake aliziunda kufuata kipimo hicho: moja inayeyusha na kuchanganya kwa joto kali, nyingine inashindilia.

Kampuni yake, Gjenge Makers, ilifika matofali 1,500 kwa siku mwanzoni mwa 2021. Mwaka uliotangulia, Umoja wa Mataifa ulikuwa umempa tuzo ya vijana wanaolinda mazingira. Lakini angalieni vizuri: hata kwa 1,500 kwa siku, kampuni ilikuwa bado inangojea kuanza kupata faida. Plastiki nyingine alipewa bure na viwanda, nyingine alinunua. Kila mashini kubwa inadai chakula kikubwa, tena kila siku.

Njo maana nasema mashini haianzishi kazi, inazidisha ile iliyokwisha kuwapo. Ukitengeneza matofali 100 kwa mkono na 1 likavunjika, ni hasara ndogo. Mashini ya 1,500 yenye kosa lilelile inakutupia 15 kila jioni, na deni la mashini halingojei.

Ku Pepa hatuna plastiki ya kushibisha kiwanda kama cha Nairobi. Tuko na udongo. Kwa hiyo pendekezo langu halihitaji mfadhili. Tuchukue udongo wa vilima vitatu. Kila mmoja tuuchanganye na simenti kwa vipimo vitatu: sehemu 1 kwa 20, 1 kwa 15, 1 kwa 10. Tushindilie, tufunike kwa magunia yenye maji wiki ya kwanza, tungojee siku 28. Halafu tuyalaze majini usiku mzima, kesho yake tuyabebeshe mzigo mpaka yavunjike, na tuandike kila kitu kwenye daftari.

Mufuko mmoja wa simenti unatosha kuanza. Daftari hilo njo litatuambia tununue mashini gani, ama tusinunue kabisa.