Mashimo Tisa Kati ya Majani Chai

Ifikapo saa nane mchana Kericho, mbingu hubadilika rangi upande wa msitu wa Mau, na mcheza gofu mzoefu huwa amekwisha kurudi barazani. Mvua ya huku haibishi hodi. Mara nyingi huja na mawe yanayochana majani chai, na mwaka 1982 kuna watafiti waliochapisha hoja kwamba takataka za majani ya chai, zikipeperushwa angani, huenda ndizo zinazosaidia barafu kuganda mawinguni. Kwa hiyo asubuhi ndiyo saa ya gofu. Uwanja wa Kericho una mashimo tisa, na atakaye kumi na manane huuzunguka mara mbili.

Mchezo huu ulifika nyanda hizi pamoja na chai, na vyote viwili vilikuwa vimetangulia Asia. Klabu ya gofu ya Calcutta ilianzishwa mwaka 1829, ikiwa ya kwanza nje ya visiwa vya Uingereza. Mwaka 1889 Waingereza walichonga uwanja Nuwara Eliya, katikati ya milima ya chai ya Ceylon, ambayo leo ni Sri Lanka. Brooke Bond na James Finlay walipoingia Kericho katikati ya miaka ya 1920, walikuwa na uzoefu wa chai ya India na Ceylon, na mameneja wao walijua mpangilio wa maisha ya huko: kiwanda bondeni, nyumba ya meneja kilimani, kambi za vibarua mbali kidogo, na klabu ya kukutania jioni.

Ardhi yenyewe ilikuwa na wenyewe. Mwaka 1919 serikali ya kikoloni ilitenga ekari 25,000 za Wakipsigis kwa ajili ya maafisa wa Kiingereza waliojeruhiwa vitani, ili walime kitani. Bei ya kitani ikaanguka, mradi ukafa, lakini ardhi haikurudi kwa wenyewe. Chai ikachukua nafasi. Mwaka 1934 ukoo wa Talai wa Wakipsigis ukahamishwa kwa nguvu hadi Gwassi, karibu na Ziwa Victoria. Anayesimulia gofu ya Kericho akaruka hapa, hajaisimulia.

Klabu za walowezi ziliweka mpaka wazi. Mzungu alicheza, Mwafrika alibeba. Mama aliinama shambani akichuma majani mawili na kichipukizi, kikapu mgongoni; kijana wake huenda alikuwa ng'ambo ya ua na mfuko wa fimbo begani. Katika klabu nyingi za bara, eneo la kuzunguka shimo halikuwa na nyasi bali mchanga uliomwagiwa mafuta, ukiitwa brauni. Wachezaji wakimaliza, kedi, yaani mbeba fimbo, aliusawazisha ule mchanga, akafuta nyayo zote, kundi linalofuata likute pako sawa kama meza. Kwa kazi hiyo alijua vizuri zaidi pale mpira unapokata kona kuliko bwana aliyemlipa. Makedi wa Kenya walijifunza gofu kwa macho kabla ya mikono, na wengi wa wachezaji wa kulipwa wa taifa hili wametoka kwao.

Wakati huohuo msimu wa wachezaji wa kulipwa ulikuwa ukijengeka duniani. India ilianzisha mashindano yake ya wazi mwaka 1964, Mwaustralia Peter Thomson akawa bingwa wa kwanza. Miaka mitatu baadaye ikaja Kenya Open, na Guy Wolstenholme wa Uingereza akalitwaa kombe. Wazungu waliokimbia baridi ya kwao walizunguka Nigeria, Zambia na Kenya katika msururu ulioitwa Safari. Mhispania Seve Ballesteros alishinda hapa Kenya mwaka 1978, kabla hajawa jina la dunia nzima. Ziara ya sasa ya Asia ilianza mwaka 1995. Mwaka 2019 Kenya Open ikaingia ngazi ya juu ya Ulaya, na mwaka 2022, pale Muthaiga jijini Nairobi, Mchina Ashun Wu akaondoka na ubingwa. Mkenya aliyekaribia zaidi ni Jacob Okello, aliyeshindwa katika mchujo wa mwisho mwaka 1998. Hadi 2025 hakuna Mkenya aliyeunyakua ubingwa huo.

Kericho na jirani yake Bomet nazo zimebadilika. KTDA, shirika la chai ya wakulima wadogo, ilianzishwa mwaka 1964, na leo mkulima mdogo wa Bomet anapeleka majani yake kiwandani Kapkoros au Mogogosiek, na chai hiyo ndiyo iliyosomesha mawakili na madaktari ambao sasa wana uwezo wa kulipa ada ya klabu. Mwaka 2023 Finlays walikubali kuuza mashamba yao kwa Browns ya Sri Lanka, nchi ya Nuwara Eliya. Njia ya zamani imefunguka tena.

Katika baadhi ya klabu za Kenya, Jumatatu uwanja huachiwa makedi, wacheze bila kubeba mzigo wa mtu. Serikali za kaunti, kampuni za chai na wanachama wa klabu za nyanda hizi wawaongezee siku, fimbo na mwalimu. Kericho hadi Muthaiga ni safari ya saa chache tu kwa gari, na mtoto wa mchuma chai anaweza kuifunga asubuhi moja, mradi awe na mahali pa kuanzia.