Tundu na Kinacholijaza: Kisima cha Tula, Gobori na Bunduki ya 303

Kulamawe ni kijiji cha wafugaji kwenye barabara inayotoka Isiolo kwenda Modogashe. Waborana wa huko ni warithi wa ustadi wa visima ambao kitovu chake kiko kusini mwa Ethiopia, kwenye visima virefu viitwavyo tula. Kina cha kisima cha tula hutajwa kwa watu: ni wangapi wanaotakiwa kujipanga mmoja juu ya mwenzake, wakipokezana okole, ndoo ya ngozi, mpaka maji yafike kwenye hori. Ukitajiwa mita, umejua urefu. Ukitajiwa watu, umejua pia ni vijana wangapi wa kuwaamsha alfajiri.

Naiweka mila hiyo kando ya mila nyingine ya kupima tundu, ile ya mtutu wa bunduki. Huko Isiolo bunduki ni chombo cha kazi cha polisi wa akiba wanaolinda watu na mifugo, na kila aina hujulikana kwa namba yake. Nadai kwamba namba hiyo ni jina tu, na kwamba mafundi wa mbali wanaosubu risasi zao wenyewe wamefika pale pale alipofika mchimba kisima: tundu hujulikana kwa kinacholijaza.

Waingereza wa zamani waliliona hilo mapema. Mtutu usio na mifereji ndani waliupa namba kwa kuhesabu gololi: ratili moja ya madini ya risasi hutoa gololi ngapi zenye upana wa tundu hilo? Bunduki ya 12 ni ile ambayo gololi zake 12 hutimiza ratili, na tundu lake ni karibu milimita 18.5. Namba ikishuka, tundu hupanuka. Bunduki ya 4 aliyobeba mwindaji Frederick Selous ujanani alipowinda ndovu kusini mwa Afrika, miaka mingi kabla ya kuuawa Beho Beho, karibu na mto Rufiji, mwaka 1917, ilirusha gololi ya robo ratili, kama gramu 113. Mpimaji wa gololi na yule wa tula wana mantiki moja.

Gobori lilifuata njia nyingine. Mwenye gobori humimina baruti, akatia gololi na kitambaa, kisha akashindilia kwa mdeki. Gololi ni ndogo kuliko tundu, nacho kitambaa huziba pengo. Hata jeshi la Uingereza liliishi na pengo: bunduki yake iitwayo Brown Bess ilikuwa na tundu la inchi 0.75 na gololi ya inchi 0.69 hivi, ili askari ajaze upesi hata mtutu ukiwa umejaa masizi. Walipata kasi, wakapoteza shabaha. Mkataba wa Brussels wa 1890 uliligeuza jambo hili kuwa siasa. Kati ya latitudo 20 kaskazini na 22 kusini, biashara ya bunduki zenye mifereji ilibanwa, na zile za gumegume zisizo na mifereji zikaruhusiwa kwa masharti. Mwafrika akaachiwa mtutu wa kukadiria. Mtawala akabaki na mtutu wa shabaha.

Mtutu wenye mifereji una vipenyo viwili: kidogo, kati ya matuta, na kikubwa, kati ya vina vya mifereji. Katika bunduki ya Lee-Enfield ya 303, inchi 0.303 ni kile kidogo. Risasi ya kiwandani ina karibu inchi 0.311, na mifereji ya mitutu mingi, hasa iliyotengenezwa haraka wakati wa vita, hufika 0.315. Risasi yenye ganda la shaba huvumilia tofauti hiyo. Ile ya kusubu ni laini: ikiwa nyembamba, gesi ya moto hupenya ubavuni, ikaila na kuupaka mtutu madini yake; ikiwa nene kupita kiasi, shinikizo hupanda kwa hatari.

Kwa hiyo fundi huachana na jina. Huchukua kipande cha risasi laini kisicho na antimoni, akakipitisha taratibu katika mtutu mtupu uliopakwa mafuta. Hutoka na chapa ya matuta na mifereji, naye hukipima kwa maikromita, kisha huchagua risasi inayozidi kipenyo cha mifereji kwa sehemu moja au mbili kati ya elfu za inchi. Hata hapo Lee-Enfield yenye mifereji mitano humsumbua, kwa sababu mkabala wa kila mfereji kuna tuta, na maikromita ya kawaida haiwezi kugusa mifereji miwili kwa pamoja.

Kisima hujaa mchanga na maji hushuka. Mtutu nao hulika. Kwa hiyo vyote viwili hudai kupimwa tena. Vinatofautiana katika nani anayejua. Kipimo cha fundi hubaki karakanani kwake. Kipimo cha tula ni cha hadhara, kwa kuwa abba herega, msimamizi wa zamu za kunywesha, hupanga haki za watu kwa nguvu kazi inayoonekana.

Ipo pia mila ya tatu, ya kiwanda. Kiwanda cha Eldoret hutengeneza risasi kwa kipimo kimoja ili askari asihitaji kupima lolote. Hiyo ni faida kubwa, na sheria ya Kenya hairuhusu mtu kujitengenezea risasi bila kibali. Lakini namba ya kiwandani nayo ni jina: bunduki za G3 na AK-47 zote huitwa 7.62, ilhali risasi ya kwanza ina kipenyo cha milimita 7.82 na ya pili karibu 7.92.

Kipimo cha kiwanda huwawezesha watu wasiojuana kuaminiana. Kipimo cha kijazio husema kweli kuhusu tundu moja, leo. Kulamawe inahitaji vyote viwili, na cha pili ndicho kinachosahaulika. Bunduki kuukuu ya polisi wa akiba ikaguliwe mtutu wake, isihukumiwe kwa namba. Na mradi ukileta karatasi ya kisima chenye mita kadhaa, wazee wana haki ya kuuliza swali la tula: kitanywesha ng'ombe wangapi kwa siku, na kwa mikono ya nani?