Gari Tupu Nyuma ya Nyumba

Kwenye barabara zetu, ukiona gari linaburuta jingine unajua kuna mtu siku yake imeharibika. Kamba imefungwa, taa za hatari zinawaka, na kule nyuma yupo jamaa kashika usukani wa gari lisilowaka, jicho kwenye kamba, mguu kwenye breki. Akizubaa kidogo tu anamgonga anayemsaidia. Tunampa pole, tunapita.

Marekani picha hiyohiyo ina maana nyingine. Utakuta gari-nyumba refu kama basi, ndani lina kitanda, jiko na choo, na nyuma yake limefungwa gari dogo zima kabisa, halina ubovu wowote. Na ndani ya hilo dogo hakuna mtu. Nimelifikiria sana gari hilo tupu, maana historia yake ukiifuata nyuma inakufikisha kwenye kitabu, na ndani ya kitabu yumo mtumishi juu ya baiskeli.

Tuanze na mwaka 1885. William Gordon Stables, Mskoti aliyewahi kuwa daktari katika jeshi la majini la Uingereza na baadaye akawa mwandishi wa hadithi za vijana, aliagiza ajengewe nyumba ya kusafiria. Kiwanda cha Bristol Wagon Works kikamtengenezea behewa la mbao za mahogani, la kuvutwa na farasi wawili. Akaliita Wanderer, jahazi lake la nchi kavu. Akaondoka nalo Twyford, kusini mwa Uingereza, mpaka Inverness huko Uskoti, na mwaka 1886 akatoa kitabu cha safari hiyo, The Cruise of the Land Yacht Wanderer.

Sasa, behewa kubwa namna ile halina wepesi. Kukutana na mkokoteni mwingine kwenye njia nyembamba yenye mteremko si jambo la mzaha. Dawa ya Stables ilikuwa Foley, mtumishi wake. Foley alipanda baiskeli ya magurudumu matatu, akatangulia mbele kuangalia njia na kuwatahadharisha watu kwamba nyumba inakuja. Bwana alijisifu kwamba anaishi kama mzururaji huru. Uhuru huo ulikuwa na mtu anayeutolea jasho, naye alikuwa mbele anapiga pedali.

Miaka 22 baada ya kitabu hicho, mwaka 1908, Kenneth Grahame alichapisha The Wind in the Willows. Mle ndani Bwana Chura ananunua behewa la kuvutwa na farasi, anawachukua rafiki zake, wanaingia barabarani. Gari la injini linapita kwa kishindo, farasi anashtuka, behewa linatumbukia mtaroni na kuvunjika. Chura badala ya kukasirika anapagawa na gari lile! Tangu hapo behewa halimhusu tena. Mliosoma utotoni mtakumbuka mliishia kucheka, lakini Grahame alikuwa anaonyesha zama mbili zikigongana.

Baada ya mgongano huo nyumba na injini zilikuja kuungana. Mwaka 1910 kampuni ya Pierce-Arrow ilionyesha Touring Landau katika ukumbi wa Madison Square Garden, New York: kiti cha nyuma kinageuka kitanda, kuna sinki la kukunja, kuna hata chungu cha haja. Kilichonigusa mimi ni simu. Abiria aliyejilaza nyuma alikuwa na simu ya kuongea na dereva wake aliyekaa mbele. Foley kashuka kwenye baiskeli, kapewa usukani, bado anapokea amri.

Mwaka 1960 John Steinbeck alizunguka Marekani na lori lenye kijumba mgongoni, akaliita Rocinante, jina la farasi wa Don Quixote. Wapenzi wa Cervantes, mnakumbuka nyuma ya farasi yule kulikuwa na nani: Sancho Panza na punda wake. Steinbeck alichukua farasi, akamwacha punda. Alisafiri na mbwa tu, akaendesha mwenyewe, akapika mwenyewe.

Wenzake wa baadaye walimhitaji punda. Winnebago, kampuni ya Forest City, Iowa, ilianza kutengeneza magari-nyumba mwaka 1966 na kuyauza kwa bei ambayo watu wa kawaida waliimudu. Hawa hawakuwa na mtumishi wala dereva. Wakishafika kambini, wakaunganisha maji na umeme, basi wameganda. Kwenda kununua mkate tu ni lazima kufungua kila kitu na kuendesha nyumba nzima mpaka dukani. Ndipo gari dogo likapata kazi.

Majina yake yanafurahisha. Wamarekani huliita “toad”, yaani chura, kwa kuwa linatamkwa sawa na neno lao la kitu kilichovutwa. Chura wa Grahame angecheka. Wengine huliita “dinghy”, kama mtumbwi unaofungwa nyuma ya jahazi, neno ambalo Waingereza walilitoa kwenye lugha za India. Kwetu mitaani dingi ni mzee, baba. Huku dingi anaongoza, kule dingi anavutwa.

Volkswagen Beetle lilipendwa sana kwa kazi hiyo: jepesi, gia za mkono, ukiweka nyutro magurudumu yanazunguka bila shida. Mengi ya otomatiki hayataki hivyo, kwa sababu pampu ya oili ya giaboksi huendeshwa na injini. Injini ikiwa imezimwa, vyuma vinasagana vikavu mpaka vinaungua. Mengine hubebwa magurudumu ya mbele juu ya kitoroli. Tena nyumba nzito ikivuta kwa fito ya chuma, dereva anaweza asihisi kabisa kwamba tairi la gari la nyuma limepasuka. Kurudi nyuma ndiyo usijaribu: magurudumu ya dogo yanajikata upande na kukwama. Na gari la nyuma linahitaji breki zake, la sivyo uzito wake wote unaisukuma nyumba mteremkoni.

Kazi zote hizo, kuangalia tairi, kukanyaga breki, kukunja kona, zamani zilikuwa na mtu. Za Foley tunazijua kwa sababu bwana wake alikuwa mwandishi. Watumishi wangapi walitangulia mbele ya mabwana wasioandika?

Ukikaa nyuma ya msafara wa namna hiyo kwenye kona, chungulia ndani ya lile dogo. Lazima usukani uachwe bila kufungwa ili magurudumu yafuate njia. Kwa hiyo utauona unazunguka wenyewe, kushoto, kulia, na kiti hakina mtu.