Nyimbo za Wazee Wetu ni Ushahidi wa Historia

Tunapofundisha historia ya Kiswahili katika nchi zilizo magharibi ya Ziwa Tanganyika, kwa kawaida twategemea maandishi ya wasafiri, wamisionari na maofisa wa kikoloni. Wapo mashahidi wengine ambao hatuwaiti barazani, nao ni wazee wetu na nyimbo walizozipenda ujanani. Makala haya yanatazama mfano mmoja wa Katanga ili kuonyesha jinsi wimbo unavyoweza kutufunza yale ambayo hati hazikuyaandika.

Kiswahili kilifika Katanga kwa hatua mbili. Kwanza kililetwa na misafara ya biashara ya karne ya 19. Katika zama hizo Msiri, mtu wa Unyamwezi, alianzisha dola ya Wayeke na kufanya Bunkeya kuwa makao yake, hata alipouawa na watu wa msafara wa wakoloni tarehe 20 Desemba 1891. Hatua ya pili ni ya migodi. Kampuni ya Union Minière iliundwa mwaka 1906, na mji wa Élisabethville, ambao leo ni Lubumbashi, ukaanzishwa mwaka 1910. Wafanyakazi walitoka Kasai, Rhodesia ya Kaskazini (leo Zambia), Rwanda na Burundi, kila mmoja na lugha ya kwao. Mwishoni mwa miaka ya 1920 kampuni ilianza kuwaruhusu wakae na wake zao na watoto. Basi watoto waliozaliwa kambini walikua wakisema Kiswahili, si kama lugha ya kuazima, bali kama lugha ya nyumbani.

Katika mazingira hayo alitokea Jean Bosco Mwenda, aliyezaliwa mwaka 1930. Alipiga gitaa kwa kidole gumba na cha shahada tu, na msikilizaji angeapa kwamba wapigaji ni wawili. Mwaka 1952 Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Kiafrika, alirekodi nyimbo zake huko Jadotville, mji unaoitwa Likasi leo. Mojawapo ilikuwa "Masanga", ambayo ilimpatia sifa mbali na kwao. Mwishoni mwa miaka ya 1950 alifika Nairobi, na upigaji wake ukaigwa na vijana wengi wa Afrika Mashariki. Mwaka 1969 alipiga kwenye tamasha la Newport, Marekani. Alifariki mwaka 1990.

Hayo ndiyo tunayoyapata katika kumbukumbu zilizoandikwa. Lakini thamani ya wimbo haiishii kwa mtungaji. Humfuata msikilizaji hadi nyumbani kwake. Mjomba wangu, aliyefanya kazi mgodini, alinunua santuri ya Mwenda kabla hajanunua kitanda. Wala hakuwa na gramafoni. Kila Jumapili aliichukua santuri yake, akaifunga kwa kitambaa, akaenda kuisikilizia kwa jirani. Alipoulizwa sababu, alijibu kwamba kitanda kilikuwa cha kulalia tu, bali santuri ilimfanya ajione mtu wa mjini. Hakuna taarifa ya mishahara itakayotueleza kijana wa kambini alipima nini alipogawa ujira wake. Santuri ile yatueleza.

Hata hivyo, kumbukumbu yataka kupimwa. Wazee kadhaa husema kwamba "Masanga" ni wimbo wa wakati wa uhuru, na hali Kongo ilipata uhuru tarehe 30 Juni 1960, miaka minane baada ya kurekodiwa kwake. Tusiharakishe kuwakosoa. Santuri hutuambia wimbo ulirekodiwa lini. Mzee hutuambia ulimgusa lini. Hizo ni tarehe mbili, na mwanahistoria mwema huziandika zote mbili bila ya kuzichanganya.

Kwa mwalimu wa lugha lipo funzo jingine. Kiswahili cha nyimbo hizo si kile cha vitabu vyetu vya sarufi. Jina lenyewe la mwanamuziki, Mwenda wa Bayeke, lina kiambishi "ba-" mahali ambapo Kiswahili sanifu husema "Wayeke". Wako walimu ambao wakisikia hivyo huchukua kalamu nyekundu. Kiswahili sanifu hatuna budi kukifundisha, kwa maana ndicho kinachotuunganisha na jirani zetu. Lakini wimbo si insha ya mwanafunzi. Ukiyasahihisha maneno yake umefuta nyayo za watu wa makabila mengi waliokutana mgodini wakajijengea lugha moja.

Kwa hiyo napendekeza zoezi hili kwa madarasa yetu. Kila mwanafunzi amwendee mzee mmoja, amwulize ni wimbo gani aliupenda, aliusikia wapi mara ya kwanza, alikuwa na nani, na maneno yake ni yapi. Majibu yaandikwe kama yalivyotamkwa, na maelezo ya mwalimu yawekwe kando. Walioinunua santuri ya Mwenda ilipokuwa mpya wamebaki wachache mno, na kila mwaka wanapungua. Santuri zikivunjika, nakala huenda ikapatikana kwingine. Mzee akifariki kabla ya kuulizwa, aliyoyajua yeye peke yake hayana nakala.