Wapiga Kelele: Historia Fupi ya Fimbo Darasani

Kama umesoma shule ya msingi Tanzania, karatasi hii unaijua. Mwalimu katoka, kiranja kabaki na kalamu, na ndani ya dakika tano kuna majina kumi chini ya maneno mawili: WAPIGA KELELE. Wengine wameongezewa neno "sana" mbele ya jina. Mwalimu akirudi haulizi kelele zilihusu nini. Anasoma majina, wahusika wanatoka mbele, fimbo inaletwa.

Kikazi nimekaa kwenye mikutano mingi ya wazazi. Kila suala la viboko likiguswa, atasimama mtu mzima mmoja na kusema kwamba hii ni mila yetu, Wazungu wasitufundishe kulea watoto wetu. Makofi yanapigwa, mwenyekiti anahamia ajenda ya michango ya madawati. Hoja ni tamu, ila nataka tuipime kwa historia, maana fimbo ya shuleni ina historia, na sehemu kubwa yake imeandikwa.

Tuanze nyumbani. Sitasema kwamba wazee wetu hawakupiga watoto. Bakora ilikuwepo chuoni, mtoto aliyekosea aya aliijua, na majandoni kulikuwa na maumivu yaliyokusudiwa. Lakini angalia mpangilio. Jandoni na unyagoni mtoto alikuwa na kungwi au somo wake, mtu anayemjua kwa jina, kwa ukoo na kwa tabia. Hata methali tunazozitumia kutetea fimbo, zisome vizuri. "Samaki mkunje angali mbichi" inazungumzia kukunja, na aliyewahi kushika samaki mbichi anajua kwamba ukimpiga hakunjiki, anapasuka. "Mchelea mwana kulia hulia yeye" inasema usiogope machozi ya mtoto. Mtoto hulia hata akinyimwa kitu. Fimbo tumeiongeza wenyewe.

Neno lenyewe "viboko" linatoka wapi? Kiboko ni mnyama wa mtoni, na mjeledi wa ngozi yake ulitumika kwenye misafara ya bara hata kabla ya Wajerumani. Ila Wajerumani ndio walioufanya kuwa chombo cha serikali. Mwaka 1896 Chansela wao alitoa amri ya kuweka utaratibu wa adhabu hiyo katika makoloni ya Afrika: mwisho viboko 25 kwa mara moja, wanawake wasipigwe, na Waarabu na Wahindi wasipigwe. Kwa hiyo aliyebaki ni mwanamume Mwafrika. Huku pwani na bara watu wakalikariri hesabu hilo kwa matamshi yao, "hamsa ishirini", na likawa kama jina la utani la utawala mzima. Serikali hiyohiyo ndiyo iliyofungua shule ya Tanga mwaka 1892, ikitafuta makarani, wakalimani na walimu wa kuiendesha koloni. Mtoto wa wakati ule hakuwa na sababu ya kuona kwamba fimbo ya boma na fimbo ya shule ni vitu viwili tofauti.

Na kiranja je? Hapo inabidi twende Uingereza. Mwaka 1798, mtaa wa Borough Road, London, kijana mmoja Mkweka aitwaye Joseph Lancaster alianzisha shule ya watoto maskini. Pesa ya kuajiri walimu hakuwa nayo, hivyo akabuni njia: mwalimu mmoja anafundisha wanafunzi wakubwa, hao nao wanafundisha na kusimamia wadogo. Mamia ya watoto kwenye ukumbi mmoja, mwalimu mmoja. Utaratibu huo ukasambaa duniani kwa sababu ulikuwa rahisi kifedha. Cha ajabu ni kwamba Lancaster alipinga kuchapa. Badala yake alitumia aibu: mtoto mkorofi alifungwa gogo shingoni, au akawekwa kwenye kikapu na kuning'inizwa darini ili wenzake wamcheke. Baadaye, kati ya 1828 na 1841, Thomas Arnold, mkuu wa shule ya Rugby, akawapa wanafunzi wa juu mamlaka rasmi juu ya wadogo, na shule za matajiri zikaiga.

Mikondo hiyo miwili, wa maskini na wa matajiri, ilitufikia pamoja. Shule kama Tabora, ambako Nyerere alianza kusoma mwaka 1937, na Alliance kule Kenya, iliyofunguliwa 1926, zilikuwa na viranja na mabweni yanayoshindana kwa mtindo wa Kiingereza. Shule za vijijini zikapata nakala ya bei rahisi: darasa lililojaa, mwalimu mmoja, kiranja na karatasi. Kwa hiyo, mzee wangu wa mkutanoni, karatasi ya wapiga kelele ilikuja na meli.

Basi uhuru ukaja, tukasema mkoloni kaondoka na mjeledi wake. Mwaka 1963 Bunge letu wenyewe likapitisha sheria ya adhabu za chini iliyowapa wezi na wala rushwa kifungo pamoja na viboko 24. Mwalimu Nyerere mwenyewe aliikumbusha hadharani mwaka 1995: kumi na mbili mtu akiingia gerezani na kumi na mbili akitoka, akamwonyeshe mkewe. Watu walicheka na kushangilia, na hadi leo kipande hicho kinazunguka kwenye simu zetu. Tulichokuwa tumekikataa ni mchapaji wa kigeni. Kuchapa kwenyewe hatukuwa tumekukataa.

Shuleni jambo lilikuwa gumu zaidi, na hapa nataka tuwe na haki kwa walimu. Novemba 1974 Azimio la Musoma liliagiza kila mtoto wa umri wa shule awe darasani ifikapo 1977. Ilikuwa ndoto nzuri, na mimi ni mjukuu wa ndoto hiyo. Lakini watoto waliingia kwa mafuriko kuliko walimu, na wengi wa walimu hao walifunzwa harakaharaka wakiwa kazini. Sheria ya Elimu ikaja 1978, na mwaka 1979 zikatoka kanuni za adhabu ya viboko. Sidai kwamba moja lilizaa jingine. Ninachoona ni kwamba serikali iliyokosa walimu wa kutosha iliwapa waliokuwepo kitu ambacho hakina gharama.

Mafuriko yalirudi tena 2001 ada ya msingi ilipofutwa, na tena 2016 sekondari ilipofanywa bila ada hadi kidato cha nne. Piga hesabu ya kipindi kimoja cha dakika 40 chenye wanafunzi 80: kila mmoja ana nusu dakika ya mwalimu, hapo bado hajaandika ubaoni. Katika nusu dakika huwezi kujua kwamba Juma anasumbua kwa sababu hajala tangu jana, au kwamba Neema kanyamaza kwa sababu juzi alifundishwa kwa Kiswahili darasa la saba na leo, kidato cha kwanza, kila kitu ni Kiingereza. Fimbo inaingia ndani ya nusu dakika. Kumwelewa mtoto hakuingii.

Kanuni zilizofuata za 2002 zinasema viboko visizidi vinne, iwe kwa kosa kubwa la nidhamu, kwa idhini ya mkuu wa shule, na viandikwe kwenye kitabu maalumu. Msichana achapwe na mwalimu wa kike, isipokuwa kama shule haina. Zisome halafu kumbuka shule yako. Kitabu hicho uliwahi kukiona?

Mwaka 2016 video ya walimu wa mazoezi wakimshambulia mwanafunzi Mbeya ilisambaa nchi nzima. Mwaka 2018 mwanafunzi wa darasa la tano mkoani Kagera alifariki baada ya kupigwa, na Machi 2019 Mahakama Kuu ilimtia hatiani mwalimu wake. Miezi saba tu baadaye, Oktoba 2019, mkuu wa mkoa wa Mbeya akachapa wanafunzi wa sekondari mbele ya kamera, na Rais akampongeza. Kanuni hazimtaji mkuu wa mkoa popote.

Jirani zetu Kenya walipiga marufuku viboko shuleni mwaka 2001, na Katiba yao ya 2010 ikaongeza uzito. Ukiwauliza Wakenya watakwambia fimbo haijatoweka. Sawa. Lakini kule mzazi anayelalamika anasimama upande wa sheria. Hapa kwetu, mzazi akikataa mwanawe asichapwe, kanuni zinaruhusu mtoto huyo aondolewe shule. Hata Uingereza, tuliyoirithi kiranja, ilifuta viboko katika shule za umma kwa sheria ya mwaka 1986.

Rafiki yangu mmoja ni mwalimu wa sekondari, darasa lake lina watoto zaidi ya tisini. Nilimweleza historia yote hii. Akanisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Kaka, nimekuelewa. Sasa nisaidie Jumatatu." Akaniambia anachofanya yeye: ile karatasi ya kiranja anaipokea, ila anaisoma kwa wiki nzima. Jina likijirudia kipindi cha hisabati tu, anajua tatizo ni hisabati. Likijirudia baada ya saa sita, anajua ni njaa. Bado kuna siku anachapa, hakunificha. Anasema akiletewa mwalimu mmoja tu wa kugawana naye darasa, fimbo ataiacha kesho yake.

Nadhani hilo ndilo swali la kumpelekea mwenyekiti kwenye mkutano ujao wa wazazi, kabla hajahamia kwenye madawati: tunachangia nini ili apatikane huyo mwalimu wa pili?