Ngoma Nyepesi ya Bweranyange

Asubuhi Rubwera ukungu unakaa juu ya migomba hadi saa tatu. Nilikuta watu wakipandisha kuelekea ofisi za wilaya ya Kyerwa, bahasha kwapani: huyu anafuatilia mpaka wa shamba, yule anatafuta muhuri. Kyerwa ilimegwa kutoka Karagwe na kuanza kazi kama wilaya mwaka 2012; zamani shida kama hizo zilipelekwa Kayanga, makao makuu ya Karagwe. Na zamani zaidi zilipelekwa Bweranyange kwa Omukama, mfalme wa Karagwe. Ndiko nilikokuwa nakwenda, nyuma ya bodaboda, vumbi jekundu likinijaa kwenye kope.

"Unakwenda kwa Rumanyika?" dereva aliniuliza. Utadhani mzee yupo nyumbani, anakunywa maziwa.

Rumanyika alikuwa Omukama wa ukoo wa Wahinda, uzao wa Ruhinda. Baba yake, Ndagara, alifariki katika miaka ya 1850, na wana watatu wakakitazama kiti: Rumanyika, Nyanaji na Rogero. Hadithi ya uteuzi ni tamu. Wakubwa wa dola waliweka ngoma ndogo chini, imetiwa dawa hata ikawa nzito kama mlima kwa asiye mwenyewe. Wawili wakashindwa kuitikisa. Rumanyika akaiinua kwa kidole cha mwisho.

Hadithi hiyo iliandikwa na John Hanning Speke, aliyefika hapa Novemba 1861 akitafuta chanzo cha Mto Nile. Lakini Speke huyohuyo anasimulia pia kuwa Rogero hakuikubali ngoma. Aliingia vitani, na aliyemwokoa Rumanyika ni Musa Mzuri, mfanyabiashara Mhindi wa Tabora: pembe za ndovu zilipelekwa kwa Suna, Kabaka wa Buganda, naye akatoa jeshi. Mimi naziamini zote mbili, ngoma na pembe. Ngoma iliwaambia raia nani mtawala. Pembe zilimwambia Rogero.

Ukiisoma hadithi hivyo, hata ukarimu wa Rumanyika unabadilika sura. Wazungu walimsifu kwa upole wake, na kweli James Grant, mwenzake Speke safarini, mguu ukiwa umeoza vidonda, aliuguzwa hapa hadi Aprili 1862, Speke akiwa ametangulia Buganda tangu Januari. Lakini mwenyeji naye alikuwa na haja yake: alimwomba Speke dawa ya kummaliza Rogero. Kila mgeni aliyepita alipimwa anaweza kusaidia nini kwenye ugomvi wa nyumbani. Sioni ubaya. Dola dogo kati ya Buganda, Nkore na Rwanda lingeishi vipi?

Bweranyange yenyewe imetulia mno. Mlima, nyasi, ziwa likimeta kule chini. Henry Stanley alipokuja mwaka 1876 alionyeshwa nyumba ya hazina: ngoma, mikuki, na sanamu za ng'ombe za madini. Katika hazina ya Karagwe zilikuwamo pia za chuma, pembe ndefu zimepinda. Nikasimama kuzifikiria pembe zile. Mhunzi anapiga chuma kwenye mawe, anakinyoosha hadi kiwe chembamba kama utambi, kisha anakipinda kisikatike. Kazi nzima hiyo kwa mnyama asiyetoa hata tone la maziwa! Ila Omukama ndiye mwenye ng'ombe na ndiye mwenye nyundo, na sanamu ile moja ilibeba yote mawili.

Baada ya kifo cha Rumanyika warithi walimalizana wenyewe kwa wenyewe, sotoka ikafagia mifugo katika miaka ya 1890, Wajerumani wakaja, kisha Waingereza. Mwaka 1963 serikali ya Tanganyika ikafuta uchifu. Jina limebaki kwenye hifadhi ya taifa, Rumanyika-Karagwe, iliyotangazwa mwaka 2019.

Nilimalizia Kafuro, waliposhukia Waarabu na mizigo yao kutoka Tabora. Nikamwuliza mzee aliyekuwa anaanika kahawa walikaa upande gani. Akaonyesha kwa kidevu, kwenye maharage.

"Hapo. Pembe zikaisha, wakaenda."

Akarudi kuzigeuza kahawa zake.