Watu wa Kisiwa cha Bentinck

Kaskazini mwa nchi ya Australia iko ghuba kubwa iitwayo Carpentaria, na upande wa kusini wa ghuba hiyo vimo visiwa vya Wellesley. Kilicho kikubwa chaitwa Mornington, nacho ni nchi ya Walardil. Kusini yake kiko Bentinck, nchi ya Wakaiadilt. Jina hilo la Bentinck lilitolewa na nahodha Matthew Flinders. Bali wenyeji walikuwapo tangu kale, wala hawakungoja mgeni awatajie nchi yao.

Watu hao hawakulima wala hawakufuga. Shamba lao lilikuwa bahari. Walijenga pwani kuta za mawe zilizopindika kama upinde. Maji yakijaa, samaki walipita juu ya ukuta. Yakipwa, walinaswa ndani. Waliwinda kasa na nguva, wakavuka maji kwa chelezo. Tena jina la mtu lilitoka mahali alipozaliwa. Mtoto aliyezaliwa Mirdidingki aliitwa Mirdidingkingathi, yaani mzaliwa wa Mirdidingki. Basi kumwita mtu ilikuwa kuitaja nchi yake.

Wamisionari wa Kipresbiteri walianza kazi Mornington mwaka 1914, lakini Wakaiadilt walikaa mbali nao muda mrefu. Kisha katika miaka ya 1940 mvua ilikosekana, chakula kikapungua, watu wakapigana hata kuuana. Mwaka 1948 bahari ilifurika, ikatia chumvi maji yao ya kunywa. Njaa huvumilika siku kadhaa. Kiu haina subira. Ndipo waliosalia, watu wapatao 60, wakahamishiwa misheni ya Mornington.

Je, wema huo uliokoa maisha? Naam, uliokoa. Lakini huko walikuwa wageni katika nchi ya wengine. Watoto walitengwa na wazazi wao, wakalazwa bwenini, wakafundishwa Kiingereza. Mama hakuwa na mtoto wa kumsimulia hadithi usiku, na lugha isiyosikiwa na watoto haikawii kufa. Lugha yao ikabaki vinywani mwa wazee wachache. Nami niliye mwalimu naisoma habari hii kwa hofu, maana waliofanya hivyo walidhani wanatenda mema.

Hata hivyo nchi haikusahauliwa. Mwaka 2004 mahakama ilikubali haki za watu wa visiwa hivyo juu ya bahari yao, na mwaka 2008 juu ya ardhi. Tena kulikuwa na mama mmoja, Sally Gabori, ambaye jina lake la kwao ndilo Mirdidingkingathi. Alizaliwa yapata mwaka 1924. Mwaka 2005, akiwa mzee wa miaka kama 80, alishika brashi ya rangi mara ya kwanza. Alichora nini? Mahali pa baba yake, mahali pa mumewe, mahali pa ndugu yake. Yote ni ya Bentinck. Alifariki mwaka 2015, na mwaka 2022 picha zake zilionyeshwa Paris.

Basi, msomaji, mtu aweza kuondolewa katika nchi, na nchi isiondoke ndani yake. Lakini mama huyo aliijua kwa kuwa alifundishwa na wazee wake. Wako nao wapo? Waulize majina ya vijito na vilima vya kwenu, kabla hawajanyamaza.